Kuhifadhi si Kufungia

Mwalimu anaposhika chaki mbele ya darasa, ni nadra akumbuke kwamba jina la kipande hicho cheupe limetokana na mwamba. Kusini mwa Uingereza mwamba huo umetanda chini ya vilima vingi, na malisho yaliyo juu yake yana somo linalotuhusu.

Udongo wa huko ni haba, tena hauna rutuba nyingi. Kwa hiyo hakuna mmea unaopata nguvu za kuisonga mingine, na mita moja ya mraba huweza kuwa na aina 40 za mimea. Lakini malisho hayo si kazi ya maumbile pekee, bali ni zao la karne nyingi za ufugaji wa kondoo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, sehemu kubwa ililimwa au ikatiwa mbolea. Penginepo mifugo iliondolewa, na vichaka vikaitwaa ardhi.

Kisa cha kipepeo mkubwa wa buluu, mkazi wa malisho ya nyasi fupi nchini humo, kinatosha kutuzindua. Watu waliompenda walijenga ua ili kuwazuia waliomkamata. Kumbe ua huo uliwazuia mifugo pia. Mwaka wa 1953 ukaingia ugonjwa wa miksomatosi, ukawaua sungura waliokuwa wakizila nyasi. Nyasi zikarefuka, ardhi ikapoa, na chungu wa aina ile ambayo humlea kiwavi wa kipepeo huyo wakapungua. Kufikia 1979 kipepeo huyo alikuwa ametoweka Uingereza. Ni utafiti wa Jeremy Thomas uliofichua siri hiyo. Malisho yakarudishiwa mifugo, na kuanzia 1983 vipepeo wakaletwa kutoka Uswidi. Leo wanaruka tena.

Tulitafakari basi neno ‘kuhifadhi’. Anayehifadhi sura ya Kurani haifungii sandukuni. Huisoma kila siku hadi imkae moyoni. Akiacha kuisoma, humponyoka. Ndivyo yalivyo malisho. Wanaoyafufua leo hufyeka vichaka, ingawa huacha vichache kwa ajili ya ndege. Huondoa majani yaliyokatwa yasije yakairutubisha ardhi. Nao huwahamisha kondoo kwa zamu, ili maua yapate kutoa mbegu. Wakizidi kondoo, nyasi huangamia. Wakikosekana, huangamia vilevile.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi wangali wakiamini kuwa mfugaji ni adui wa wanyama wa porini, na kwamba hifadhi huanza pale mchungaji anapofukuzwa. Sisemi kwamba mbuga zote ziachiwe ng’ombe. Vilima vya Uingereza si nyika za Kajiado. Nasema kwamba, kabla ya kumhukumu mchungaji, tumuulize anajua nini kuhusu nyasi. Walimu, wapelekeni wanafunzi wakamsikilize. Elimu yake haijaandikwa ubaoni, na akiondoka bila ya kuulizwa, ataondoka nayo.