Sindano Safi kwa Fedha za Umma: Kabungu Nayo Inahusika

Liko swali ambalo hapa Kabungu laweza kuonekana kuwa ni la watu wa mbali. Je, ni haki fedha za umma zitumike kununua sindano safi na kuwapa watu wanaojidunga dawa za kulevya, ili waache kuchangia sindano moja? Mkulima wa mahindi au tumbaku, ambaye hulipa kodi kila anunuapo sabuni na sukari, ana haki ya kuuliza: mimi na kijana anayejidunga heroini kule Temeke au Kinondoni tuna uhusiano gani? Swali hilo si la kubezwa. Lakini likipimwa kwa utu na kwa hesabu, jibu lake ni kwamba fedha hizo zinafaa kutolewa, tena zitoke katika hazina yetu wenyewe, kwa masharti yaliyo wazi.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi jambo hili lilivyoanza. Kwa muda mrefu watumiaji wa heroini katika pwani yetu walikuwa wakiivuta kama moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kujidunga kulianza kuenea jijini Dar es Salaam. Mwaka 2005 watafiti walieleza habari za kusikitisha: kwamba wako wanawake jijini humo waliokuwa wakijidunga, kisha wakivuta damu yao ndani ya bomba na kumpa mwenzao asiye na fedha ili naye ajidunge damu hiyo, kwa kuamini kwamba ina mabaki ya dawa. Uchunguzi mmoja wa miaka hiyo ulikuta kwamba takriban watu 4 katika kila 10 waliojidunga jijini walikuwa na virusi vya UKIMWI. Katika upimaji wa kitaifa wa 2007/08, watu wazima wenye virusi hivyo Tanzania walikuwa wapatao 6 katika kila 100. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba sindano iliyopita mikono mingi ni njia fupi mno ya kupitishia maradhi.

Taifa halikukaa kimya. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waathirika methadoni, dawa ya kunywa ambayo mgonjwa huimeza kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea kiu ya heroini. Huduma hiyo baadaye ilifika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Katika miaka hiyo hiyo shirika la madaktari la Médecins du Monde la Ufaransa liliendesha kazi huko Temeke, likitoa sindano safi, likikusanya zilizotumika na kuwapima watu afya zao. Lakini ziko tofauti mbili kati ya mambo hayo. Methadoni iliingia katika hospitali za Serikali. Sindano ilibaki zaidi mikononi mwa mashirika na fedha za wafadhili, kana kwamba ni jambo la kuonewa haya.

Wako wasemao kwamba kumpa mtu sindano ni kumhimiza atumie dawa za kulevya. Hoja hii imetolewa katika nchi nyingi. Huko Kenya, Serikali ilipotangaza mpango wa sindano mwaka 2012, viongozi kadhaa wa dini katika pwani waliupinga kwa nguvu. Nia yao ilikuwa njema, maana walitaka kulinda vijana. Hata hivyo, ushahidi hauungi mkono hofu hiyo. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti za nchi mbalimbali, likaona kwamba mipango ya sindano hupunguza maambukizi, wala halikupata ushahidi wa kuaminika kwamba huongeza utumiaji. Mtu hawi mtumwa wa heroini kwa sababu ameona sindano mpya. Akikosa mpya, hujidunga kwa kuukuu.

Mji wa Edinburgh, huko Uskoti, ulilipa gharama kubwa ya kutotambua ukweli huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 polisi waliwabana wauzaji wa sindano na kuwanyang'anya watumiaji zile walizokuwa nazo. Heroini haikutoweka. Kilichoadimika ni sindano, na watu wengi wakawa wanachangia moja. Mwaka 1986 daktari mmoja wa mji huo alichapisha matokeo ya vipimo vya wagonjwa wake waliojidunga: nusu yao walikuwa wameambukizwa. Kwa upande mwingine, Amsterdam ilikuwa imeanza kubadilishana sindano mwaka 1984 kwa sababu ya homa ya ini, na New Zealand ikaufanya mpango huo kuwa wa taifa zima kabla ya miaka ya 1980 kwisha. Hadi leo New Zealand ina maambukizi machache sana miongoni mwa wanaojidunga.

Wako pia wasemao: dawa za kawaida hazitoshi katika zahanati zetu, sasa iweje fedha ziende kwa mtu aliyejitakia? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na mtumishi wa umma aliyeko kijijini huiona kwa macho yake. Mama mjamzito anayetembea mwendo mrefu kufuata huduma ana haki ya kutangulizwa. Lakini tufanye hesabu. Bomba la sindano ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la dawa. Mtu akiambukizwa, atahitaji dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kila siku ya maisha yake, dawa ambazo tangu 2004 hutolewa bure nchini mwetu. Anayezuia maambukizi leo anaokoa fedha za mama huyo huyo kesho. Aidha, mwathirika ana mke au mume, na huenda ana watoto, ambao hawakujitakia lolote.

Tena kanuni ya mtu mmoja na sindano moja si ngeni kwetu. Mtoto aletwapo kupata chanjo zahanatini, mama yake hutarajia sindano mpya itolewe katika karatasi yake mbele ya macho yake. Hakuna mwalimu anayeweza kukubali watoto wa darasa zima wadungwe kwa sindano moja. Kanuni tunayoisimamia kwa watoto haigeuki kuwa upuuzi inapomfikia mgonjwa tusiyempenda.

Kuhusu umbali, tusijidanganye. Mpanda ina reli, ina barabara za kwenda Tabora, Kigoma na Sumbawanga, na ardhi yetu ina machimbo ya dhahabu yanayovuta vijana kutoka kila upande. Maradhi husafiri kwa basi kama abiria mwingine. Mfano uko Marekani, katika mji mdogo wa Austin, jimbo la Indiana, wenye watu wapatao 4,000 tu. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba virusi vya UKIMWI vilikuwa vimeenea huko kwa kuchangia sindano, na walioambukizwa walipita 200. Gavana wa jimbo hilo alikuwa mpinzani wa mpango wa sindano, lakini alilazimika kuuruhusu wakati nyumba ilikuwa tayari inaungua. Mji ule nao ulidhani kwamba hayo ni mambo ya miji mikubwa.

Sasa, kwa nini fedha za Serikali na si za wafadhili? Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika zikatikisika. Hata kabla ya hapo, kwa miaka mingi sheria za Marekani zilikataza fedha zake zisinunue sindano. Anayetegemea mfuko wa jirani hupangiwa na jirani kipi cha kununua, na hatimaye hufungiwa mlango. Kujitegemea kuna maana pia ya kugharimia yale ambayo si rahisi kuyatangaza jukwaani.

Hata hivyo, fedha za umma hazitolewi bila utaratibu. Kwanza, ziwe na fungu lake katika bajeti ya taifa ya kupambana na UKIMWI, zisimegwe kutoka katika fedha za dawa za zahanati. Pili, sindano zilizotumika zikusanywe na kuteketezwa, na idadi yake itolewe taarifa, ili mtoto asiokote sindano uchochoroni. Tatu, kila anayepewa sindano aelekezwe kwenye vipimo, ushauri na methadoni. Mji wa Vancouver, Kanada, ulikuwa na mpango wa sindano tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini karibu mwaka 1997 maambukizi yalilipuka humo, kwa kuwa sindano peke yake, bila makazi na tiba, haikutosha. Nne, vita dhidi ya wafanyabiashara wa dawa za kulevya viendelee bila huruma chini ya Sheria ya 2015, ila askari asimvizie mgonjwa mlangoni pa kituo cha huduma, maana akifanya hivyo hatakuja tena.

Walimu na watumishi wa umma wana wajibu wa pekee katika jambo hili. Wao ndio husikilizwa mkutanoni, na neno lao laweza kumfanya mwathirika aonekane kuwa mtu au takataka. Wakiulizwa na mwananchi kwa nini shilingi yake inunue sindano ya mgeni, wamjibu bila kusita: kwa sababu damu haina mpaka wa wilaya, na kwa sababu kinga hiyo ni rahisi kuliko tiba ambayo taifa zima litailipa.