JEMBE NALO LISHTAKIWE

Kila yanaposemwa maneno juu ya kuhifadhi samaki, hutajwa nyavu zenye macho madogo. Sibishi, nyavu hizo zina madhara. Walakini mimi naona jembe nalo lishtakiwe.

Ukisimama juu ya majabali ya Katonga asubuhi, ziwa likiwa limetulia, waona samaki wadogo wakila mwani juu ya mawe. Wengi wao ni jamaa za kuhe na perege. Katika Ziwa Tanganyika jamaa hiyo ina aina zipatazo 250, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Nilimwuliza mwalimu wetu: ikiwa ndugu hawa hukaa jabali moja, mbona hawachanganyi mbegu?

Baadhi yao hugawana mahali. Tropheus duboisi, mwenye madoa meupe akiwa mchanga, hukaa kwenye kina kuliko nduguze. Lakini huo si ukuta, na kazi kubwa ni ya jike. Yeye ndiye abebaye mayai kinywani kwa majuma kadhaa, basi hachagui ovyo. Humtazama dume kwanza.

Na kutazama kwataka mwanga. Kule Mwanza, katika Ziwa Viktoria, wako ndugu wawili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume wake ni mwekundu. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walieleza jaribio lao. Chini ya taa nyeupe, majike walichagua madume wa aina yao. Chini ya taa ya rangi ya machungwa, iliyoficha tofauti ya buluu na nyekundu, hawakubagua tena. Na kwa kuwa watoto wa mchanganyiko nao huzaa, jicho likishindwa hakuna mlinzi wa pili; aina mbili zaweza kuwa moja. Mwaka 1997, pamoja na Frans Witte, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba palipo na maji ya tope ziwani humo aina ni chache na rangi zimefifia.

Sisemi samaki wetu ni sawasawa na wale wa Mwanza. Lakini wao pia wana macho, na mvua ikinyesha vijito vyetu hushuka vyekundu kwa udongo wa mashamba ya mlimani.

Moja la mashamba hayo ni letu. Baba, ambaye atasoma gazeti hili, aniwie radhi. Tumelima kutoka juu kushuka chini, mpaka ukingoni mwa kijito, nami nilishika jembe. Atasema kuwa matuta ya kukingama mteremko yana kazi nyingi, na kwamba kuacha ukanda wa nyasi kando ya maji ni kupoteza mihogo. Ni kweli, mihogo michache itapotea. Naomba anipe ruhusa, likizo ijayo nianze na matuta matano ya juu, na ule ukingo wa kijito tuuache uote nyasi.