Mgonjwa wa tezi dume aambiwe yote, na aambiwe mapema

Wapo wanaume wanaoondolewa korodani ili kuzuia saratani ya tezi dume, kisha wanatoka wodini na cheti cha dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hawakuambiwa kwamba watashtuka usiku wamelowa jasho, kwamba misuli itapungua na kitambi kuongezeka, kwamba mifupa itadhoofika na hamu ya tendo la ndoa kutoweka. Wake zao hawakuambiwa lolote. Mzee anahama chumba, anaacha kwenda barazani, na wa kwanza kumsikiliza ni mchuuzi wa dawa za nguvu za kiume.

Huu ni uzembe. Tangu 1941, Charles Huggins alipoonyesha huko Chicago kuwa kupunguza homoni za kiume kunarudisha nyuma saratani hii, madaktari wanajua wanamwondolea mgonjwa nini. Upasuaji wa kuondoa korodani ni nafuu kuliko sindano za homoni za miaka nenda rudi, na kwa wasio na bima mara nyingi ndiyo njia pekee. Unafuu wa bei haumfutii daktari wajibu wa kueleza.

Wanaume nao wana lao la kujibu. Kipimo cha kidole wamekigeuza mzaha wa kijiweni, na mzaha huo umewarudisha nyumbani wengi waliokwisha kujiandaa kwenda kupimwa, ingawa kipimo cha damu kidogo tu kinatosha kuanzia. Wagonjwa wengi wanafika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshaingia mifupani. Na si hapa kwetu tu ambako wanaume wanaificha saratani hii. Desemba 2023 Waziri wa Ulinzi wa Marekani wa wakati huo, Lloyd Austin, alifanyiwa upasuaji wa saratani hii kimyakimya. Aliporudishwa hospitali Januari kwa matatizo yaliyofuata, Rais wake alikaa siku kadhaa bila kujua waziri wake amelazwa. Askofu Desmond Tutu, yeye, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1997, akalisema hadharani, akaishi hadi 2021 akiwa na miaka 90. Nani angemwambia Tutu kwamba alipungukiwa uanaume?

Kuishi na ugonjwa huu kuna kazi yake. Anayeendelea kuvuta sigara anajiongezea hatari ya kufa nao. Moyo nao unaua wengi wa wagonjwa hawa, kwa hiyo presha na sukari vipimwe kila kliniki. Mazoezi, hata ya kunyanyua vitu vizito kwa kipimo alichopewa na mtaalamu, yanalinda misuli na kupunguza uchovu wa tiba ya homoni. Lakini nyumbani, kwa mapenzi kabisa, watoto wanamkataza baba asishike hata ndoo ya maji. Mapenzi hayo yanamdhoofisha.

Tunaitaka Wizara ya Afya itoe agizo: mgonjwa asitie saini ya upasuaji au kuanza sindano za homoni kabla ya kuketi na mhudumu, pamoja na mkewe akiridhia, na kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kuhusu ndoa, mkojo, mifupa na huzuni. Atokaye kwenye upasuaji wa tezi afundishwe mazoezi ya kuzuia mkojo kabla ya kuruhusiwa, si baada ya kuanza kujifungia ndani akiona aibu ya harufu. Mafunzo hayo hayahitaji mashine ya kuagizwa nje. Hospitali za rufaa zinaweza kuyaanza Jumatatu ijayo.