Usimpige Ndugu Yako Aliyetekwa

 

Leo tunaongea juu ya gemu. Ndiyo, gemu. Najua kuna wazee wa kanisa watakaosoma mstari huu na kuuliza pasta amepatwa na nini. Mzee wangu, vumilia kidogo, tutafika.

Kama ulikulia Eldoret miaka ya 1990, unaikumbuka ile mashine ya kuchomeka kwenye TV, na kaseti iliyoandikwa ina mamia ya michezo, ukihesabu unakuta ni ile ile inajirudia. Mmoja wa michezo ya aina hiyo ni Galaga. Ulitoka Japani mwaka 1981, kampuni ya Namco. Nyota zinateremka kwenye skrini nyeusi, hivyo unajiona kama unapaa. Kindege chako kiko chini, kinaenda kushoto na kulia tu. Juu wanajipanga maadui 40: nyuki 20, vipepeo 16 na wakubwa wao 4. Wakishamaliza kujipanga wanaanza kukushukia.

Vijana wa sasa wakiujaribu kwenye simu wananiambia, "Pasta, hii ni ngumu bure." Wamezoea gemu ambayo ukifa unatazama tangazo kisha unafufuka. Galaga haikubembelezi. Unaanza na vindege 3, na risasi moja ya adui inatosha kukimaliza kimoja. Wewe nawe huwezi kumwaga risasi ovyo, maana risasi zako zinazoruhusiwa kuwa kwenye skrini kwa wakati mmoja ni 2 tu. Ukikosa, unasubiri zipotelee juu huku nyuki anakuja. Mchezo ukiisha unaandikiwa hesabu yako: umepiga risasi ngapi, zilizopata ni ngapi, ni asilimia ngapi. Hapo nimependa. Sisi wahubiri tungepewa karatasi kama hiyo kila Jumapili jioni, mahubiri yangefupika.

Ila ugumu wenyewe hauko hapo. Uko kwa wale wakubwa 4.

Mkubwa mmoja anashuka mpaka karibu nawe, anasimama, anamulika mwanga kama wa tochi kuelekea chini. Ukiingia kwenye mwanga ule, kindege chako kinaanza kuzunguka, kinavutwa juu, kinageuka rangi kuwa chekundu na kupangwa nyuma yake. Sasa kiko kwenye safu ya adui. Mkubwa akishuka kukushambulia, kinashuka naye. Na kilikuwa chako!

Kama una kindege kingine kimebaki, unaendelea kucheza, na sasa una njia tatu. Ya kwanza, unakipiga kile chekundu. Kinalipuka, na utashangaa, gemu inakupa pointi kwa kuua cha kwako. Ya pili, unampiga mkubwa akiwa bado ametulia kwenye safu yake juu. Huyo utamuua, lakini kindege hakiachiliwi, kinakugeukia kama adui. Ya tatu, unangoja mkubwa ashuke nacho, unampata mara mbili kwa sababu risasi moja haimtoshi, bila kugusa kile kilicho nyuma yake. Na wakati huo ndio anakuwa karibu nawe zaidi, anaweza kukumaliza. Ukifaulu, kindege kinarudi kikizunguka, kinasimama ubavuni mwako, mnapiga pamoja.

Mpendwa, najua umeshaona ninakoelekea.

Hapa Munyaka tuna vijana waliotekwa. Wengine ni pombe, lakini wengi ninaokaa nao ofisini siku hizi ni kamari ya simu. Kuna kindege huko pia. Kinapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe pesa zako kabla hakijapotea. Wengine wananiambia mchezo ule ni mgumu. Hapana. Hauna ugumu wowote, na ubaya wake uko papo hapo. Ugumu unakufundisha: mtu akicheza Galaga mwezi mzima atamshinda aliyeanza leo. Kile kindege cha kamari kinaondoka kwa bahati, na aliyekitazama miaka mitano hajui kitaondoka lini kuliko aliyekifungua asubuhi ya leo. Anayedhani amejifunza ndiye anayeweka pesa nyingi zaidi.

Kijana mmoja wa bodaboda alipoteza hivyo pesa za kulipia pikipiki. Habari zikafika kwenye kikundi cha WhatsApp. Mmoja akaandika kwamba watu kama hao ndio wanatia kanisa aibu, na chini yake vikamiminika vidole gumba na mikono ya kupiga makofi. Hizo ndizo pointi, mpendwa. Alilipuliwa mtu wetu, sisi tukahesabiwa alama. Jumapili iliyofuata mama yake alikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango.

Paulo katika Wagalatia 6 anataka aliyenaswa arudishwe kwa upole, na anayemrudisha ajichunge asinaswe naye. (Galaga na Wagalatia hawana undugu wowote. Asije mtu akaandika hapo chini kwamba pasta amesema Paulo alicheza gemu.) Naona sisi Wapentekoste tuna bidii sana na ile njia ya pili. Tunakemea roho ya kamari kutoka madhabahuni, kwa maikrofoni, adui akiwa ametulia mbali kwenye safu yake. Kukemea tutaendelea kukemea. Lakini yule kijana, adui wake anashuka saa tatu usiku, pesa za siku zikiwa kwenye simu na yeye yuko peke yake chumbani. Saa hiyo mimi na wewe tuko wapi?

Mzee mmoja wa kanisa ameamua kuwa pale. Kila usiku saa tatu anampigia, wanahesabu pamoja mapato ya siku, na sehemu ya deni inatumwa kabla simu haijakatwa. Ameanza kusemwa naye, eti anamficha mwenye dhambi. Ni kweli, vindege viwili vikisimama pamoja vinakuwa shabaha pana zaidi. Lakini risasi zinakuwa 4, na kimoja kikipigwa, cha pili kinabaki. Hata Mhubiri 4 inajua hesabu hiyo.

Jambo moja zaidi juu ya Galaga. Ukitekwa ukiwa na kindege chako cha mwisho, mchezo umeisha. Hakuna aliyebaki chini wa kukufuata.

Yule kijana bado ana deni. Wiki iliyopita Jumamosi hakupokea simu, na mzee akatoka na tochi yake akaenda kwake kwa miguu. Kuna wengine wanaohitaji mtu wa saa tatu. Kama unamjua mmoja, usiandike jina lake hapa chini. Njoo ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana, tupange nani atampigia.