La Kuvunda Halina Ubani: Maiti ya Dkt. Ouko Bado Inasema

HEBU tuanze na swali ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliuliza. Mtu anaweza kuvunjika mguu mahali pawili, akajipiga risasi ya kichwa, halafu akainuka akajimwagia dizeli na kujitia kiberiti? Au alianza na moto, akaungua, kisha katikati ya ndimi za moto akatulia, akaelekeza bastola kichwani na kufyatua?

Hatufanyi mzaha na marehemu. Huo ndio uongo ambao wananchi wa Kenya walitakiwa waumeze mwezi wa Februari mwaka 1990, baada ya aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, kutoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13. Tarehe 16 Serikali ikatangaza kwamba mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, kama kilomita tatu tu kutoka nyumbani kwake. Kando yake palikuwa na bastola na mtungi wa dizeli. Kabla hata majivu hayajapoa, minong'ono ya wakubwa ikaanza: eti Waziri kajiua.

Mwandishi wa makala haya alikuwa hajazaliwa. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, udaktari siujui. Lakini kupima uongo si lazima uwe na digrii, na vijana wenzangu mnaosoma gazeti hili vibandani na kwenye matatu mnajua ninachosema. Tumekua tukisikia jina la Ouko kama hadithi ya wazee. Leo tuliweke mezani kama ushahidi unavyowekwa mezani, tuone nini kinasimama na nini kinaanguka.

Mwili ulisema nini?

Tuanze na mwili, kwa kuwa mwili hauna chama wala hauhongwi. Wananchi walipokataa hadithi ya kujiua, na wanafunzi wakamiminika mabarabarani, Rais Moi aliwaita makachero wa Scotland Yard kutoka Uingereza. Kiongozi wao alikuwa John Troon, akifuatana na daktari bingwa wa kupasua maiti, Iain West. Walitua nchini tarehe 21 Februari. Hesabu mwenyewe: siku nane tangu mtu atoweke, siku tano tangu mwili utangazwe.

Hata hivyo walichokiona kilitosha. Risasi moja ya kichwa. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Mwili umeunguzwa kwa sehemu. Hitimisho lao: haya ni mauaji. Mtu alipigwa risasi, kisha maiti ikachomwa, na vitu vikapangwa pale ili ionekane kama kajiua.

Daktari anajuaje kipi kilitangulia, risasi au moto? Hapa hakuna uchawi. Mtu aliye hai akichomwa, anavuta moshi. Masizi huingia kooni na kwenye mapafu, na hewa ya sumu ya moshi huingia katika damu. Maiti haipumui. Ukiichoma, unaunguza ngozi na nyama, lakini masizi hayashuki mpaka ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana anayechoma maiti ili kuficha kosa hujidanganya. Anadhani moto unafuta, kumbe moto nao unaandika. La kuvunda halina ubani.

Kalamu ya mwajiriwa

Sasa sikilizeni maajabu. Mbele ya Tume ya Jaji Evans Gicheru, iliyoanza kazi Oktoba 1990, alisimama daktari mkuu wa Serikali wa kupasua maiti, Dkt. Jason Kaviti, akaitetea nadharia ya kujiua. Mwili ni ule ule, tundu la risasi ni lile lile, mguu ni ule ule. Daktari mgeni anasema ameuawa, daktari wa Serikali anasema kajiua. Kulikoni?

Jina hilo halikuwa geni. Mwaka 1988 msichana Mwingereza, Julie Ward, alipotea katika mbuga ya Maasai Mara. Baba yake alipofika kumtafuta, kilichopatikana ni kipande cha mguu, kipande cha taya na majivu ya moto. Wakubwa wakasema kaliwa na wanyama. Daktari wa kwanza aliyeyatazama mabaki hayo aliandika kwamba yamekatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ilipopita mezani kwa Dkt. Kaviti, maneno yakabadilika, na kukatwa kukageuka kuraruliwa. Alipobanwa mbele ya hakimu mwaka 1989, utetezi wake ukawa kwamba alikuwa akisahihisha Kiingereza! Baba wa marehemu akayapeleka mabaki kwa Profesa Austin Gresham wa Cambridge, naye akasema waziwazi kwamba ni panga au kitu kama panga. Simba hashiki panga, wala hawashi moto akachoma mabaki ya chakula chake.

Kesi mbili, miaka miwili, ofisi moja. Katika kesi zote mbili maiti ilisema neno moja na karatasi ya Serikali ikasema lingine. Wahenga walikwisha sema: kesi ya nyani hakimu ngedere. Anayeshukiwa ni mtu wa dola, anayepeleleza ni polisi wa dola, na anayepasua maiti analipwa mshahara na dola hiyo hiyo. Hata awe malaika, kalamu yake inatetemeka.

Tusimeze kila kitu

Lakini hapa, ndugu msomaji, gazeti la upinzani lazima liwe na ujasiri wa kuwaambia watu wake jambo wasilolipenda. Kwa kuwa Serikali ilidanganya, haina maana kwamba kila kinachosemwa dhidi ya Serikali ni kweli.

Chukua ule mguu uliovunjika. Vijiweni utaambiwa kwamba huo ni ushahidi wa mateso. Yawezekana. Lakini mguu huvunjika pia kwa kuanguka au kurushwa kutoka garini. Mfupa unasema umevunjika, hausemi nani alikuwepo. Chukua mfanyakazi wa nyumbani aliyesema aliona gari jeupe likiondoka usiku wa manane. Huo ni ushahidi wa macho, mzito, lakini haumtaji dereva. Na yule mchunga ng'ombe aliyesema alikwisha kuuona mwili mchana wa tarehe 13: tukimwamini, basi mwili ulilala pale siku tatu nzima huku nchi ikiambiwa Waziri haonekani. Hilo linauliza maswali makubwa juu ya waliokuwa wakimtafuta. Bado halimtaji muuaji.

Kisha kuna swali la mahali. Bwana Troon aliona kwamba Dkt. Ouko aliuawa pale pale alipopatikana au karibu na hapo. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Gor Sunguh ilianza kazi mwaka 2003, na ripoti yake ilipofika Bungeni mwaka 2010 ikadai kwamba aliuawa katika Ikulu ya Nakuru. Ndugu zangu, haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Mtu hafi mara mbili. Anayetaka tuamini habari ya Nakuru lazima atuonyeshe damu ya Nakuru, risasi ya Nakuru, alama za maiti iliyosafirishwa usiku kucha. Bila hivyo, tunabaki na maneno ya mashahidi waliosema miaka mingi baadaye, na kumbukumbu ya mtu huvaa nguo mpya kila mwaka.

Najua jibu la vijiweni: "Wewe umenunuliwa!" Sijanunuliwa. Nasema hivi kwa sababu muuaji wa Ouko, kama yungali hai, hakuna kinachomfurahisha kama sisi kubeba hadithi kumi. Hadithi moja yenye ushahidi inamfunga mtu. Hadithi kumi zisizo na ushahidi zinamwacha atembee mitaani.

Tazameni yaliyotokea. Bwana Troon aliwataja Waziri Nicholas Biwott na Katibu Mkuu Hezekiah Oyugi kama watu wa kuchunguzwa zaidi. Novemba 1991, kabla kazi haijakwisha, Rais Moi akaivunja Tume ya Gicheru. Wawili hao wakakamatwa, wakaachiliwa baada ya kama wiki mbili kwa kukosekana ushahidi, na hawakushitakiwa. Aliyekuwa DC wa Nakuru, Jonah Anguka, ndiye aliyepandishwa kizimbani. Mwaka 1994 mahakama ikamwachilia huru. Oyugi alifariki mwaka 1992, Biwott mwaka 2017, Moi mwenyewe mwaka 2020. Hakuna hata mtu mmoja aliyepatikana na hatia. Hatuwahukumu marehemu waliokufa bila hatia ya mahakama. Tunaihukumu Serikali iliyofunga mlango wakati shahidi alikuwa bado anazungumza.

Ukuta wa Central

Kama unadhani haya ni mambo ya kale, njoo karibu. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, mtu wa rika letu aliyeandika maoni yake mtandaoni, alikamatwa Homa Bay na kusafirishwa mpaka Kituo cha Polisi cha Central, Nairobi. Kabla ya mapambazuko alikuwa maiti. Polisi wakasema nini? Eti alijigonga kichwa ukutani. Miaka thelathini na mitano baada ya Got Alila, wimbo ule ule.

Safari hii kuna kitu kilibadilika. Madaktari watano, wakiwamo wa Serikali, waliupasua mwili pamoja, na Dkt. Bernard Midia akatoka nje akasema mbele ya kamera: mtu anayejigonga ukutani anaumia kwa mpangilio unaojulikana. Huyu alivia damu usoni, pembeni na nyuma ya kichwa. Shingo imekabwa. Mwili una majeraha kila mahali. Hakujifanyia mwenyewe. Siku iliyofuata Inspekta Jenerali wa Polisi akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Ikagundulika pia kwamba kamera za kituo zilichezewa. Watu sita, wakiwamo maofisa wa polisi, wakashitakiwa kwa mauaji. Hukumu ni kazi ya mahakama, hatuitangulii.

Lakini pimeni tofauti. Mwaka 1990 daktari wa Serikali aliibeba hadithi ya kujiua mpaka mbele ya Tume. Mwaka 2025 hadithi hiyo ilikufa kwa siku chache, kwa sababu mwili ulitazamwa upesi, na madaktari zaidi ya mmoja, na matokeo yakasemwa hadharani kabla ya mtu kupata nafasi ya kusahihisha Kiingereza.

Tunachodai

Tusimwachie bahati kazi hiyo. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya korona, si ule ugonjwa, bali maofisa huru wa kuchunguza vifo vyenye utata bila kusimamiwa na polisi. Ojwang alikufa miaka minane baadaye, huduma hiyo ikiwa bado ni maandishi tu. Nani anaogopa? Tunadai sheria hiyo ifanye kazi. Tunadai anayepasua maiti asiwe chini ya mtu ambaye maiti hiyo inaweza kumshitaki. Na tunadai kila ripoti ipewe familia kama ilivyoandikwa na daktari wa kwanza, neno kwa neno.

Nanyi vijana, msingoje Bunge. Siku mwenzenu akifia mikononi mwa polisi, msikubali kuzika haraka. Isaidieni familia ipate daktari wake awepo chumbani wakati wa kupasua. Nguo alizovaa zisifuliwe wala zisitupwe. Pigeni picha za mwili na za mahali, andikeni saa, andikeni nani aligusa nini. Na mkiulizwa mliona nini, semeni mlichokiona, msiongeze chumvi, kwa sababu chumvi hiyo ndiyo wakili wa muuaji atakayoitumia kuwatia doa mahakamani.

Familia ya Ouko imengoja tangu mwaka 1990. Wengi wa mashahidi wamezikwa, na waliobaki ni wazee. Lakini ripoti ya Bwana Troon ipo, maelezo ya Dkt. West yapo, na kumbukumbu za Tume ya Gicheru zipo. Hazikuchomwa pale Got Alila. Serikali yoyote itakayotaka kutuambia kwamba ni tofauti na ile ya jogoo ianze kwa kuzifungua zote, na kutujibu lile swali la mtoto wa darasa la tatu.