Bukavu: Hesabu ya breki ifundishwe kwa mtelemko wa Cimpunda

Kila asubuhi, watoto wa kartie Cimpunda, komini ya Kadutu, wanashuka kwenda shule kando ya pikipiki na magari. Kati yao wamo watoto wa familia zilizokimbia vita vijijini, ambao hawajazoea msongamano wa mji. Lakini mara nyingi darasani, somo la mwendo wenye mchapuko usiobadilika linafundishwa kama sala: fomula inakaririwa, mtihani unapita, mambo yanaisha. Hiyo ni hasara kubwa.

Chukua mfano wa motari anayeshuka kwa kilomita 36 kwa saa. Kwanza, mwanafunzi ageuze vipimo: 36 kugawanya kwa 3.6 ni mita 10 kwa sekunde. Wengi wanakosea hapo. Pili, aandike anachokijua: kasi ya mwanzo ni 10, ya mwisho ni 0, na breki zinapunguza mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Tatu, kwa kuwa muda haujulikani, achague fomula isiyo na muda: v² = u² + 2as. Mchapuko ni -5, kwa sababu kasi inapungua. Jibu ni mita 10.

Sasa motari huyo aongeze mwendo hadi kilomita 72 kwa saa. Wengi watasema mita 20. Hapana, ni mita 40! Kasi ikizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Mvua ikinyesha na breki zikashika nusu tu, ni mita 80. Tena hapo haijahesabiwa sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 20.

Mtoto aliyeacha madaftari yake kijijini hahitaji kitabu kwa somo hili. Walimu wapime mita 10 na mita 40 kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wasimame kwenye ncha zote mbili na kuona tofauti kwa macho. Vyama vya motari navyo vialikwe.

Mzazi anapomwambia mtoto "vuka, pikipiki ingali mbali", anafanya hesabu bila kujua. Afadhali mtoto mwenyewe aijue hesabu hiyo vizuri, kwa sababu barabarani hakuna mtihani wa marudio.