Nani Amesema Nyimbo za Mama Zetu ni za Kishamba?



Juma lililopita tulimzika mama mmoja katika kigango kilichoko nje ya Tukuyu. Mvua ilinyesha kama ijuavyo kunyesha Rungwe. Kwaya haikufika, kwa kuwa hapakuwa na umeme wa kinanda. Wakaimba akina mama wa jumuiya, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia kwa Kinyakyusa. Ni wale wale waliowapelekea wafiwa kuni na ndizi tangu alfajiri. Hata wasiojua kusoma waliimba.

Nyimbo hizo ndizo tunazoambiwa leo kuwa ni za kishamba, na ngoma kuwa ni mabaki ya upagani. Nani aliyefundisha hivyo? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 119, unataka muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Miaka zaidi ya 60 imepita, nasi tungali twaona haya!

Hatukipigi vita kinanda. Twapinga kwaya inayochangisha fedha za sare na za kurekodi video, ilhali haimjui mgonjwa aliye jirani. Nasi mapadre (tukiri) tumenyamaza kwa kuogopa ugomvi na walimu wa kwaya.

Kuanzia mazishi yajayo, wimbo wa kwanza kaburini utaanzishwa na akina mama. Kwaya itaitikia.